Bruno Gutmann: Mchungaji wa Old Moshi aliyeamini kuwa ndoa si ya watu wawili peke yao

Kila tunapozungumzia familia katika vipindi vyetu, swali moja hurudi. Ndoa nyingi zinavunjika, watoto wanabaki kwa bibi huku milimani, baba yuko Dar es Salaam, mama yuko Arusha. Je, dini ina dawa? Wapo wanaojibu kwamba dawa ni ndoa yenyewe: watu wafunge ndoa kanisani au msikitini, wawe na cheti, basi familia itasimama. Wengine wanasema wameona ndoa za kanisani zikivunjika sawasawa na zile za kuchukuana tu.

Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyelifikiria swali hili zaidi ya miaka 100 iliyopita, jirani kabisa na sisi. Alikuwa mchungaji Mjerumani, jina lake Bruno Gutmann. Hakukaa Ugweno. Alikaa Old Moshi, kwenye mlima ule ambao mtu wa Ugweno anauona ng'ambo ya nyika asubuhi mawingu yakifunguka. Lakini alitumwa na misheni ileile ya Leipzig iliyoanzisha kituo cha Shigatini mwaka 1900. Tena Kigweno chetu ni ndugu wa Kichagga, kwa hiyo mengi aliyoyaandika kuhusu ukoo, mahari na mafunzo ya vijana, wazee wetu wangeyatambua.

Mtoto wa mji wa viwanda

Gutmann alizaliwa Julai 1876 mjini Dresden, katika jimbo la Saxony, Ujerumani. Wakati ule Saxony ilikuwa inajaa viwanda. Watu waliacha mashamba na vijiji, wakaja mjini kutafuta mshahara. Walipanga vyumba kati ya watu wasiowajua, walifanya kazi kwa saa nyingi, na wengi waliishi mbali na wazazi, wajomba na majirani waliowalea.

Jambo hili lilimkaa moyoni maisha yake yote. Aliamini kwamba Ulaya ilikuwa imeugua. Kwa maoni yake, fedha na mji vilikuwa vimekata kamba zilizowafunga watu pamoja, kila mtu akabaki peke yake, na sheria za serikali au mahubiri ya Jumapili havikutosha kumrudisha kwa wenzake.

Mwaka 1895 aliingia chuo cha wamisionari cha Leipzig, na mwaka 1902 akafika Kilimanjaro. Alianzia Mamba, baadaye akafungua kituo cha Masama, na kuanzia mwaka 1910 akawa mchungaji wa Old Moshi, kituo kilichopo Kidia. Hapo ndipo jina lake lilipojengeka.

Alichokikuta mlimani

Wamisionari wengi wa zama zile walifika wakiwa na orodha ya mambo ya kukomesha. Ndoa ya wake wengi ilikuwa juu ya orodha hiyo. Mahari nayo ilitiliwa shaka, kwa kuwa wageni wengi waliiona kama kumnunua mwanamke. Pombe ya harusi, matambiko na jando vilihesabiwa kuwa vya giza.

Gutmann hakukubaliana na kila kitu alichokikuta, kwa sababu alikuwa mhubiri wa Injili na alitaka watu wabatizwe. Lakini alifanya jambo ambalo wenzake wachache walilifanya. Alikaa na wazee, akasikiliza kwa miaka mingi, akaandika.

Katika ndoa ya Kichagga aliona mambo ambayo mgeni wa haraka hayaoni. Aliona kwamba ndoa haikuwa tukio la siku moja. Ilikuwa safari ndefu ya kwenda na kurudi kati ya nyumba mbili. Kila hatua ilikuwa na pombe yake, mbuzi wake, na watu wake. Nyama iligawanywa kwa utaratibu: huyu ana sehemu yake, yule ana sehemu yake, mjomba hawezi kusahaulika. Kwa jicho la mgeni huo ni ulaji tu. Gutmann aliona kwamba kila anayepokea sehemu yake amejifunga. Amekuwa shahidi. Siku nyumba ile ikitikisika, hawezi kusema hayamhusu, kwa kuwa alikula.

Hata sisi Ugweno tunalijua hilo. Iwe ni mbege upande wa Uchagga, dengelua upande wetu, au soda na chai kwa familia zisizotumia kileo, anayekaa kwenye kikao cha mahari haji kushiba tu. Anaingia katika jambo.

Aliona pia kazi ya msimamizi wa ndoa, ambaye Wachagga walimwita mkara. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye nyumba iliyotulia. Kazi yake haikuisha siku bibi harusi anapoingia kwake. Wanandoa wakigombana, yeye na mke wake walikuwa watu wa kuendewa mapema, kabla habari haijafika kwa wakwe na kuwa kubwa. Na kulikuwa na jani la sale. Mtu aliyekosa alipelekea jani hilo kwa aliyemkosea, na aliyepelekewa alibanwa na desturi kusamehe. Hakuweza kulitupa na kuendelea na kinyongo kana kwamba hakikuletwa kitu.

Kamba tatu

Kutokana na haya Gutmann alijenga fundisho lake. Alisema mwanadamu hazaliwi peke yake, bali ndani ya mafungamano ambayo hakuyachagua, na aliyahesabu kuwa matatu. La kwanza ni ukoo, yaani damu. La pili ni ujirani, yaani watu wanaotumia ardhi moja, njia moja na mfereji mmoja wa maji. La tatu ni rika, yaani wale waliofundwa pamoja ujanani.

Kwa imani yake, mafungamano hayo matatu yalitoka kwa Mungu tangu uumbaji. Kwa hiyo kanisa halikupaswa kuyavunja na kujenga kitu kipya juu ya vifusi. Lilipaswa kuingia ndani yake, liyasafishe, na lisimame juu yake.

Hapa inafaa tueleze jambo moja la imani. Kwa Wakatoliki ndoa ya waliobatizwa ni sakramenti, na ikishakamilika haivunjiki mpaka kifo. Kwa Walutheri ndoa si sakramenti. Ni agizo la Mungu kwa wanadamu wote, tangu mwanzo, hata kwa wasiomjua Kristo. Ndiyo maana Mlutheri kama Gutmann aliweza kuitazama ndoa ya kimila ya Kichagga na kuiona kuwa ndoa kweli, yenye kazi ya Mungu ndani yake, kabla mchungaji hajafika.

Mafundisho hayo aliyatia katika kazi za usharika. Aliwategemea wazee wa mitaa, kila mmoja akiwaangalia majirani zake. Kwa vijana wa kipaimara alichukua desturi ya zamani ya jando, ambapo vijana waliunganishwa kama ndugu wa ngao, kila mmoja akiwa kinga ya mwenzake. Vijana wa kipaimara nao waliunganishwa hivyo, wapate kuangaliana katika masomo, na baadaye katika kazi na katika ndoa zao. Kijana aliyeanza kulegea alikuwa na mwenzake wa kumshika mkono, kabla ya mchungaji kupata habari.

Wazee wa Ugweno nao walikuwa na mafunzo ya msituni, ambako vijana walifundwa namna ya kuishi na wenzao, na wenye rika moja walijuana mpaka uzeeni. Misheni nyingi ziliyaacha mafunzo ya namna hiyo yafe. Gutmann aliona kwamba yakifa bila kurithiwa na kitu kingine, kijana atafika kwenye ndoa akiwa hajafundwa na mtu yeyote.

Kodi, reli na kahawa

Haya yote hayakuwa maneno ya kitabuni tu. Familia za milimani zilikuwa zinasukwasukwa mbele ya macho yake.

Serikali ya Kijerumani ilikuwa imeweka kodi ya nyumba tangu miaka ya 1890. Kodi ilitaka fedha, na fedha ilipatikana kwa vibarua kwenye mashamba ya walowezi na ya mkonge. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika Moshi, baada ya kupita chini ya milima yetu ya Upare. Kijana aliyekuwa akingoja shamba na ng'ombe kutoka kwa baba yake sasa aliweza kushuka nyikani, kufanya kazi, na kurudi na fedha yake mfukoni. Baadaye kahawa ilileta fedha nyumbani kwenyewe.

Fedha ilikuwa na faida zake, tusiikatae. Ilileta bati, shule na dawa. Lakini ilibadilisha ndoa. Kijana mwenye fedha aliweza kujitolea mahari bila kuhitaji ukoo. Mahari ambayo ilikuwa ng'ombe, mbuzi na vikao vya watu wengi ilianza kugeuka kuwa hesabu ya mkononi. Kwa macho ya Gutmann, hapo ndipo ilipoanza kufanana kweli na ununuzi. Aliyelipa peke yake aliona hana wa kumuuliza. Na alipokosana na mke wake, hapakuwa na watu waliojifunga kuja kuketi nao.

Kufukuzwa, kurudi, kuandika

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha, Waingereza walichukua nchi, na mwaka 1920 Gutmann na wamisionari wenzake wa Kijerumani walirudishwa kwao. Makanisa hayakufa. Walimu na wainjilisti wenyeji waliyashika, na baadaye Walutheri wa Marekani wakaja kusaidia. Jambo hili linastahili kukumbukwa, kwa kuwa linaonyesha kwamba usharika uliojengwa juu ya watu wenyewe uliweza kusimama bila mzungu.

Akiwa Ujerumani aliandika sana. Mwaka 1925 kilitoka kitabu chake juu ya kujenga usharika kutoka katika Injili, na mwaka 1926 kitabu chake kikubwa juu ya sheria ya Wachagga, chenye kurasa zaidi ya 700. Ndani yake kuna ndoa, mahari, urithi, mashauri na mapatano. Katikati ya miaka ya 1920 aliruhusiwa kurudi Old Moshi, akaendelea na kazi mpaka mwaka 1938. Kati ya mwaka 1932 na 1938 alitoa vitabu vitatu vya mafunzo ya vijana wa Kichagga, kama yalivyosimuliwa na wazee. Alitafsiri pia Agano Jipya kwa Kichagga cha Old Moshi.

Mwaka 1938 aliondoka kwa mara ya mwisho. Alifariki Desemba 1966 katika kijiji cha Ehingen, Bavaria, akiwa na miaka 90. Wakati huo Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miaka mitano iliyopita, na kanisa alilolitumikia lilikuwa linaongozwa na Wachagga wenyewe.

Pale alipokosea

Tusimfanye Gutmann kuwa malaika. Wengi wamemkosoa, na hoja zao ni nzito.

Kwanza, aliupenda mno ulimwengu wa zamani. Aliiogopa shule ya kisasa, mji na fedha, wakati vijana wa Kilimanjaro walitaka elimu, bei nzuri ya kahawa na sauti yao wenyewe. Mwaka 1925 wakulima wenyeji walianzisha chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Hawakungoja ruhusa ya mtu aliyeona kwamba fedha itawaharibu. Na inafaa kusema kwamba ushirika ule nao ulikuwa fungamano, lakini jipya.

Pili, wanatheolojia walimlaumu kwamba aliipa damu, ukoo na kabila heshima kubwa mno, karibu sawa na neno la Mungu. Katika Ujerumani ya miaka ya 1930 mawazo ya damu na taifa yalitumiwa kwa uovu mkubwa, na fundisho lake lilisimama karibu mno na lugha hiyo.

Tatu, na hili ndilo linalowagusa wasikilizaji wetu wengi wanawake, mafungamano aliyoyasifu hayakuwa na uzito sawa kwa wote. Kikao cha ukoo kilikuwa kikao cha wanaume. Mahari ya mifugo iliwafunga watu kuitunza ndoa, lakini pia iliweza kumfunga mwanamke aliyepigwa. Alipokimbilia kwao, baba aliyekwisha kuwatumia ng'ombe wale, pengine kumwozea kaka yake, alikuwa na sababu ya kumrudisha. Watu wengi kuizunguka ndoa ni kinga, lakini wanaweza pia kuwa ukuta.

Tunasema hivi kwa sababu maneno ya wazee hutumiwa mpaka leo kumnyamazisha mtu. Kusuluhisha si kuficha. Pale penye kipigo au hatari kwa mtoto, kikao cha ukoo si mahali pa mwisho. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na kwenda huko si kuvunja ndoa. Aliyepiga ndiye aliyeivunja.

Wazo lake linavyoishi leo

Pamoja na makosa hayo, kiini cha wazo la Gutmann kimeendelea kuishi, hata katika vinywa vya watu wasiojua jina lake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara kwa watu wa dini zote, haimruhusu mtu kwenda moja kwa moja mahakamani kudai talaka. Isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria, shauri lazima lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Mabaraza hayo yako kwenye kata, na jumuiya za dini pia zinaweza kuwa na yao yaliyotambuliwa. Yaani nchi yetu nayo imekubali kwamba kabla ya hakimu kuamua, watu wa karibu waketi.

Ndugu zetu Waislamu, ambao Ugweno na Usangi tunaishi nao ukoo mmoja, nyumba hii inakwenda kanisani na ile msikitini, wana agizo la zamani zaidi. Korani katika sura ya An-Nisaa, aya ya 35, inaelekeza kwamba panapohofiwa mfarakano kati ya mume na mke, achaguliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke, wote wakitafuta suluhu. Ni jamaa wawili, si mmoja, na upande wa mke una mtu wake. Hapo kuna jambo ambalo vikao vingi vya ukoo, vya Wakristo na vya Waislamu, bado havijalitimiza vizuri.

Basi je, ndoa ya dini ni dawa ya familia inayovunjika? Tukimfuata Gutmann, jibu ni kwamba cheti na pete havitoshi. Mchungaji au shehe anafungisha ndoa kwa saa moja. Baada ya hapo wanandoa wanarudi kwenye chumba cha kupanga, pengine Mbagala au Moshi mjini, ambako jirani hajui majina yao. Ikiwa kanisa au msikiti unawaona tena siku ya ubatizo, ya akika au ya msiba tu, dawa haijafika kwenye kidonda.

Tunazijua familia za huku ambazo zimejaribu njia nyingine bila kusoma kitabu chochote cha Kijerumani. Wasimamizi wa harusi hawachaguliwi kwa sababu ya gari zuri, bali kwa sababu wana nyumba iliyotulia, na wanaambiwa tangu mwanzo kwamba watapigiwa simu. Wazazi wa pande zote mbili wanajuana kabla ya ng'ombe kutajwa. Shangazi anakaa kwenye kikao na anasikilizwa, haitwi kupika tu. Wanaotoka kijiji kimoja na kuishi mji mmoja wanatafutana, wanakutana mwisho wa mwezi, wanajua nani amelala bila kula na nani amehama chumba.

Mtu wa milimani anaelewa haya bila kufundishwa. Ndiva haijengwi na mtu mmoja, na ikibomoka hatuulizi ni shamba la nani lililo karibu. Panapigwa msaragambo, watu wanatoka na majembe, kwa sababu maji yakipotea kila shamba linakauka. Gutmann aliitazama ndoa kwa jicho hilo. Kazi iliyobaki kwetu ni kuhakikisha kwamba safari hii wanaoitwa kwenye msaragambo huo ni wote, na kwamba sauti ya mwanamke aliyemo ndani ya ndoa ile inasikilizwa kwanza.